Mashavu ya Shadya

Kila jioni, kengele ya mwisho ikishalia, Shadya alikuwa akivua viatu vya shule, anavifunga kwa kamba zake na kuviacha chini ya dirisha la darasa la saba, kisha anakimbia. Alitoka uwanja wa shule ya msingi pale Mbekenyera, akashika barabara iendayo Ruangwa, akapita mashine ya kusaga na mikorosho ya mzee Sultani, akageuzia kwenye daraja dogo na kurudi. Wanawake waliokuwa mashambani wakisimamisha miganda ya ufuta ili ikauke walishamzoea. Mmoja wao hakukosa kumtania kwamba kama kuna mume anamkimbia, aseme tu, watamficha.

Akifika nyumbani alikuta bakuli la uji limefunikwa sahani. Mama yake, Biasha, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Lukman, alikuwa akiupika kwa karanga na ufuta vilivyotwangwa pamoja, na alihakikisha mkimbiaji wake anakunywa kabla jasho halijamkauka. Shadya aliunywa amesimama, huku bado anahema. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yake, na kwa muda mrefu hakuona kwamba yana kasoro yoyote.

Jambo moja tu ndilo lililomnyima raha. Mwaka uliopita, katika mashindano ya shule za msingi ya wilaya, alishika nafasi ya pili katika mbio za mita elfu moja na mia tano. Msichana aliyemshinda, Faudhia wa Ruangwa mjini, alimpita karibu kabisa na kamba ya kumalizia. Wa kwanza ndiye aliyekwenda Lindi kuiwakilisha wilaya katika mashindano ya mkoa, na huko Lindi ndiko wanakokuja walimu kuchagua watoto wa kusoma shule ya bweni ya michezo. Wa pili alirudi nyumbani. Sasa Shadya alikuwa darasa la saba, na mwaka huu ukipita hatakuwa tena mtoto wa shule ya msingi. Ama afike Lindi safari hii, au asifike kabisa.

Isitoshe, wenzake walimwita Njiti. Alikuwa mwembamba, na wembamba wake ulisemwa na kila mtu, hata na watu wasiomjua. Huku kwetu mtoto mwembamba huulizwa kama nyumbani wanakula.

Kaka yake Lukman alimpenda sana, na ni vizuri lisemwe hilo mapema, kwa sababu yaliyofuata yanaweza kumfanya mtu afikirie vingine. Lukman alikuwa kijana mkubwa, dereva wa bodaboda, leo yuko Ruangwa, kesho yuko Nachingwea na abiria. Huko Nachingwea alikuwa na marafiki waliokuwa wakinyanyua vyuma jioni nyuma ya gereji moja. Vyuma vyenyewe vilikuwa bomba lililochomekwa kila upande kwenye kopo la rangi lililojazwa zege, lakini wao walipaita jimu. Mmoja wao, Hemedy, alikuwa na kibanda sokoni na aliuza unga wa wanamazoezi. Aliuchota kwenye ndoo kubwa na kumfungia mteja kwenye mfuko wa nailoni.

Jioni moja Lukman alimkuta Shadya nyuma ya jiko akinywa uji wake, akamcheka.

“Dogo, unajua kwa nini Faudhia alikupita?”

“Alikuwa na mbio kuliko mimi.”

“Alikuwa na misuli. Mtu akishakimbia misuli inachoka, inataka protini ijijenge upya. Wewe unaipa uji wa bibi.” Akatoa mfukoni nailoni iliyofungwa fundo, ndani yake mna unga mweupe ulioelekea umanjano. “Kunywa hii. Mwezi haujaisha, hatakuona hata vumbi.”

Shadya aliugeuzageuza mfuko. Haukuwa na jina, haukuwa na maandishi, hata picha haukuwa nayo. Aliuliza unaitwaje. Lukman alisema unaitwa protini, na kwamba maandishi yote yako kwenye ndoo kwa Hemedy. Yeye mwenyewe alikuwa akiutumia na mikono yake ilikuwa imejaa, mwenye macho haambiwi tazama.

“Ila usimwambie mama,” alisema. “Wala ticha Prisila. Mabingwa hawatoi siri zao.”

Kuanzia siku ile Shadya akawa na kazi mpya baada ya mazoezi. Aliponda ndizi mbivu kwa mwiko, akaitumbukiza kwenye chupa yenye mdomo mpana, akaongeza maji yaliyochemshwa na kupoa, kisha vijiko viwili vya unga wa Lukman. Alifunga kifuniko na kuitikisa chupa mpaka povu likapanda juu. Aliinywa amejibanza nyuma ya jiko, macho kodo kuangalia kama mama anakuja. Uji nao aliwamwagia kuku, maana Hemedy alikuwa amemwagiza Lukman kwamba chakula kikifuata juu yake nguvu inapungua. Kuku wa Mama Lukman walinenepa mwaka ule kuliko miaka yote.

Mwanzoni kila kitu kilionekana kwenda sawa. Shadya aliamka mapema na mwili mwepesi, akawa anasikia njaa ya ajabu, anakula ugali wake na wa mtu mwingine. Kisha, baada ya majuma machache, mashavu yakaanza kujaa.

Lazima niseme ukweli kuhusu sisi. Mtu akikonda, tunamsikitikia. Mtu akijaa uso, tunamsifu, na hatumwulizi amejazwa na nini. Mashavu ya Shadya yalipovimba, Mbekenyera nzima ilifurahi. Wanawake kisimani walisema mashallah. Muuza duka alimwambia mama yake kwamba sasa anaonekana mtoto wa watu. Shangazi aliyetoka Ruponda alimpiga picha kwa simu na kuisambaza kwa ukoo wote, na jina la Njiti likafa lenyewe. Mama Lukman alipokuwa na wageni alimwita binti yake aje asalimie, hata kama alishasalimia. Alijua ni uji wake wa karanga, na hakuna aliyemnyima sifa hiyo.

Ni Shadya peke yake aliyeanza kuona mambo mengine. Usiku usingizi ulimkimbia. Alipochuchumaa kupuliza moto, alishindwa kuinuka mpaka ashike ukuta, kama mama mjamzito. Mapaja yake, ambayo ndiyo yaliyokuwa mali yake, yalilegea. Alimweleza Lukman, na Lukman akamwambia hayo ndiyo maumivu ya misuli inayojengwa, aongeze kijiko kimoja. Akaongeza. Alitaka sana kuamini.

Mwalimu wa michezo, Mwalimu Prisila, alikuwa mwenyeji wa Bukoba aliyehamishiwa huku miaka kadhaa nyuma. Alikuwa mtu wa maneno machache na hakupenda kusifu. Alikuwa akiwapima wakimbiaji wake kwa simu yake, na aliona jambo lililomchanganya: kadiri Shadya alivyonenepa ndivyo alivyozidi kuchelewa. Siku moja alimwita pembeni, chini ya ukuta wa stoo ya vifaa.

“Shadya, uso wako umevimba. Huko si kunenepa. Kuna kitu unakunywa?”

“Hapana, mwalimu.”

“Dawa? Unga? Kitu chochote ulichopewa na mtu?”

“Hapana.”

“Sitakuchapa. Sitamwita mtu. Nataka kujua tu.”

Ulimi wa Shadya ulikuwa tayari. Neno lilikuwa pale pale mdomoni. Lakini aliiona sura ya Lukman, akaiona Lindi, akaona Mwalimu Prisila akimfuta kwenye orodha ya wakimbiaji. Akasema hapana kwa mara ya tatu, na safari hii alimtazama mwalimu machoni ili aaminike.

Mwalimu hakuridhika. Jioni ile alikwenda nyumbani kwao, akaketi barazani, akaeleza kwa upole kwamba mtoto apelekwe akapimwe. Mama Lukman alimpa maji ya kunywa na kumjibu kwa adabu, lakini alipoondoka tu akachemka. Alisema mtoto wake alipokuwa mwembamba hakuna mwalimu aliyekuja kuuliza, leo ananawiri ndio wanamwona mgonjwa. Watu wa kuja, alisema, hawapendi kuwaona watoto wa wenyeji wakipendeza. Shadya alikuwa ndani ya chumba, anasikia kila neno. Alijua kwamba mama yake anamtetea kwa jambo lisilokuwapo, akaona haya mpaka akajifunika khanga kichwani.

Siku ya mashindano, Ruangwa ilikuwa na jua kali na uwanja ulijaa. Mama Lukman alikuja na majirani. Lukman aliegesha pikipiki kando ya uwanja na kuwaambia madereva wenzake wamwangalie mdogo wake. Shadya alisimama kwenye mstari, na Faudhia akiwa hatua chache pembeni yake, mwembamba vile vile kama mwaka uliopita. Faudhia alimtazama usoni kwa muda, akamsalimia kwa upole, kisha akaangalia mbele.

Mzunguko wa kwanza Shadya alikuwa na wenzake. Wa pili alianza kubaki. Pumzi alikuwa nayo, hilo ndilo lililomtia wazimu. Kifua kilikuwa tayari, roho ilikuwa tayari, ila miguu haikuwa yake. Aliiamuru iende nayo ikakaa kimya. Alipitwa na msichana wa Matambarale ambaye hakuwahi kupitwa naye tangu azaliwe, akapitwa na mwingine, na mwingine. Kelele za watu zilipungua upande wa Mbekenyera, zikabaki za wenzao. Alimaliza wa mwisho, akitembea zaidi ya kukimbia, na alipovuka mstari magoti yakakunjika, akakaa chini kwenye vumbi.

Hakulia. Alikuwa amepita mahali pa kulia. Aliwaza kwamba kila kitu alichokitaka duniani kilikuwa ndani ya dakika zile chache, na dakika zimekwisha, na hakuna mwaka mwingine. Mwalimu Prisila alimmwagia maji kichwani. Mama yake alimfunga khanga kiunoni na kumwongoza nje ya uwanja, huku watu wakiwapisha. Njiani kurudi, Lukman alimnong'oneza, mama asisikie, kwamba labda dozi ilikuwa ndogo.

Siku ile ile kabla jua halijazama, Shadya alichukua mfuko wa unga uliobaki, akauchana na kuumwaga wote chooni. Alidhani anamaliza shida. Hakujua kwamba ndiyo kwanza inaanza.

Baada ya hapo alishindwa kula. Kila alichoweka tumboni kilirudi. Kichwa kilizunguka, na asubuhi mwili ulikuwa mzito, hata kukaa kitako ilikuwa kazi. Mama yake alidhani ni huzuni ya kushindwa, akamwacha apumzike. Siku zilipoendelea jirani mmoja alisema ni kijicho cha wale waliomsifu sana mashavu, na Mama Lukman, ambaye hakuwa mtu wa kuamini haraka, akaanza kuamini. Akaleta mtu wa kumsomea dua. Dua ilisomwa vizuri, lakini mgonjwa alizidi kulegea. Shadya mwenyewe alilala amegeukia ukuta. Alisema moyoni kwamba akifa haidhuru, maana kile alichokuwa akiishi kwa ajili yake kimekwisha. Mtoto wa umri ule kuwaza vile ni jambo la kuhuzunisha, lakini ndivyo alivyowaza.

Asubuhi moja alijikaza kwenda uani kunawa. Mama yake alisikia ndoo ikianguka, akatoka na kumkuta chini, macho yamefumbuka nusu, ngozi ya baridi yenye jasho. Lukman alikuwa anawasha pikipiki aende kazini. Wakampakia katikati, mama nyuma akiwa amemkumbatia, wakashika njia ya Ruangwa. Lukman alikuwa dereva wa haraka siku zote, lakini safari ile aliendesha huku machozi yakimpeperuka.

Hospitalini walimlaza na kumtundikia dripu. Daktari, mtu mzima mwenye sauti ya chini aliyeitwa Masoudi, alimpima malaria, hakuna. Alimpima presha, iko chini sana. Sukari nayo iko chini. Alimwangalia uso, akaminya mashavu yale kwa kidole, akaangalia mapaja, akakunja uso. Kisha akawageukia ndugu.

“Mama, huyu mtoto ametumia dawa gani?”

Mama Lukman alisema hajatumia hata kidonge kimoja. Anakula chakula cha nyumbani tu, na uji wa karanga.

“Fikirieni vizuri,” alisema daktari. “Kuna dawa ambazo mtu akizitumia muda mrefu kisha akaziacha ghafla, anakuwa hivi. Kama ni hivyo, nina sindano ya kumwokoa. Lakini dalili hizi zina mambo mengi, na sitaki kubahatisha. Kijana, wewe kaka yake? Unajua kitu?”

Lukman alitazama sakafu. Mikono yake mikubwa ilikuwa inacheza na ufunguo wa pikipiki.

“Sijui, dokta,” alisema.

Shadya alikuwa anasikia. Watu walidhani amezimia, lakini alisikia kila kitu, kwa mbali, kama redio ya jirani. Alimsikia kaka yake akisema hajui. Hakumkasirikia. Alielewa kabisa kilichotokea, kwa sababu na yeye alishasema vile vile chini ya ukuta wa stoo. Kaka yake anaogopa. Akisema, mama atajua ni nani aliyemvimbisha mtoto, na ataishi na jambo hilo siku zake zote. Shadya akinyamaza, Lukman atapona aibu. Kwa muda kidogo aliona ni heri anyamaze, kwa kuwa hakuwa na cha kupoteza.

Kisha akausikia mkono wa mama yake ukimpapasa nywele, na mama anasema peke yake kwa Kimwera maneno aliyokuwa akimwambia alipokuwa mdogo na homa. Shadya akatambua kwamba hakutaka kufa. Alitaka tu asiwe ameshindwa, na hayo ni mambo mawili tofauti.

“Nilikunywa unga,” alisema.

Daktari aliinama karibu na mdomo wake. “Unga gani, mwanangu?”

“Wa protini. Wa kwenye nailoni. Kaka alinipa nipate nguvu. Niliumwaga baada ya mbio.”

Mama Lukman aliuondoa mkono kichwani kwa mtoto na kumgeukia mwanawe wa kiume. Daktari hakusubiri wagombane. Alimwita muuguzi, sindano ikaja, ikaingia kwenye mshipa. Kisha akamtuma Lukman nyumbani alete unga wake mwenyewe kama umebaki. Lukman alitoka akikimbia, na watu waliokuwa kwenye benchi la nje walisema walimwona kijana mwenye mabega makubwa akilia waziwazi mbele ya pikipiki.

Shadya alianza kupata nguvu siku ile ile. Alipoweza kukaa, daktari aliwaita wote watatu na kuwaeleza. Unga alioleta Lukman ulikuwa umepimwa, ukakutwa umechanganywa na vidonge vilivyosagwa, dawa ya kutuliza uvimbe ambayo hospitalini hutolewa kwa uangalifu. Ukiinywa kila siku inakupa njaa na kukuchangamsha mwanzoni, halafu inajaza maji usoni na kuila misuli ya mapaja. Mbaya zaidi, mwili unaacha kutengeneza dawa yake ya asili iliyo kama hiyo, kwa kuwa unaletewa. Siku ukiacha ghafla, mwili unabaki mikono mitupu. Hivyo Shadya angemeza vidonge vya aina ile ile, lakini vidogo, vikipunguzwa taratibu mpaka mwili wake uamke. Shadya alilia aliposikia vile, akasema hataki tena kuviona. Ilibidi mama yake amshike mkono kila anapomeza. Lukman naye alipimwa, akapewa utaratibu wake, maana hata mikono yake iliyojaa ilikuwa maji zaidi ya misuli.

Lukman aliuliza, kwa sauti ndogo, kama basi unga wote wa protini ni sumu. Daktari alisema si hivyo. Upo wa halali, lakini mtu mzima anayeutaka anunue duka linalojulikana, kopo liwe na muhuri ambao haujafunguliwa, liandikwe nani ametengeneza, ndani mna nini na unaisha lini, na liwe na alama ya ubora. Unga unaochotwa kwenye ndoo na kufungwa nailoni hauna wa kumwuliza. Kitu kikikuonyesha matokeo kwa haraka mno, hiyo si sifa yake, ni sababu ya kukiogopa. Tena mtoto wa umri wa Shadya hahitaji unga wowote.

“Akitoka mazoezini apewe nini?” aliuliza Mama Lukman.

“Maziwa na ndizi, kama yapo. Yai. Kunde, mbaazi, dagaa. Kama hakuna, karanga zilizotwangwa na ufuta kwenye uji zinatosha kabisa, na huku kwenu mnavilima wenyewe.”

Mama Lukman alisema huo uji alikuwa akimpa kila siku. Shadya alitazama dirishani. Baadaye sana ndipo alipopata ujasiri wa kumweleza habari za kuku.

Wakaguzi wa dawa walikwenda Nachingwea na kuichukua ndoo. Hemedy alisema alichanganya vile kwa sababu wateja hawana subira, asiyeona mabadiliko upesi harudi. Kesi yake bado inaendelea. Vijana wa jimu walipelekana kupimwa, Lukman akiwa wa mbele kuwabeba kwa pikipiki yake, na wapo waliomlaumu kwa kuwaharibia rafiki. Aliwajibu kwamba angemharibia mapema zaidi kama angekuwa na akili.

Mashavu ya Shadya yalipungua kidogo kidogo. Watu wakaanza kumpa pole, kwamba amekonda, na mama yake akawajibu, bila kulainisha, kwamba sasa ndio anapona. Daktari alisema mapaja yatarudi, lakini yatachukua miezi. Huenda atakapoanza kidato cha kwanza atakuwa anakimbia tena. Kwake, Lindi ya mwaka huu ilikuwa imekwisha, na shule ya bweni ya michezo pia.

Siku moja kabla timu ya wilaya haijaondoka kwenda Lindi, Mwalimu Prisila alipita kumsalimu. Alimkuta ameketi kwenye mkeka uani, anachambua mbaazi, na Lukman yuko karibu anaziba pancha. Mama Lukman alitoka ndani, akamwomba mwalimu radhi mbele ya watoto wake kwa maneno aliyoyasema siku ile. Mwalimu alimshika mikono, akasema yameisha. Akaketi kwenye mkeka.

“Faudhia anakusalimia,” alisema. “Alikuwa anataka kushindana na wewe, si na yule aliyesimama pale.”

Shadya aliendelea kuchambua mbaazi. Alisema, bila kuinua kichwa, kwamba watu wote wanamwambia ashukuru, hajapoteza kitu, yuko hai. Anashukuru. Lakini usiku anaota uwanja.

“Ningekuwa nakudanganya nikikwambia hujapoteza kitu,” alisema Mwalimu Prisila. “Umepoteza mbio ulizozingoja mwaka mzima, na mwaka huo haurudi. Nisikilize, na Lukman nawe sikiliza. Siku ile nilipokuuliza, ungesema kweli ungepoteza mfuko wa unga, basi. Ulisema hapana, kwa hiyo ukweli ukapanda bei. Uliposema hospitalini, ukweli ulikuwa umeshakugharimu mbio na miguu ya miezi. Ungengoja mpaka jioni ile, ungekuwa umemgharimu mama yako mtoto. Mtu akikupa kitu cha kuingiza mwilini, halafu akakuambia usimwonyeshe mzazi wala mwalimu, hapo hapo umeshajua kila unachohitaji kujua kuhusu kitu hicho. Na kama umeshakinywa, sema leo. Kesho utalipa zaidi.”

Lukman alikuwa ameacha kuziba pancha. Shadya alifungua mdomo ajibu. Machozi ambayo hayakutoka uwanjani Ruangwa yalikuja yote kwa pamoja, akalia kwa sauti, sinia la mbaazi likiwa mapajani. Mwalimu alimvuta begani kwake, na hakuna aliyemwambia anyamaze.